Mtegemezi Mmoja, Ritani Mbili

Mzee Mita alibakiwa na neno moja tu. Kiharusi kilipompiga, miaka minne iliyopita, kilimwachia masikio yake, akili zake zote, mkono wa kushoto, kichwa kinachotikisika kwa shida na neno "sawa". Akitaka maji ilitoka "sawa". Akikasirika, "sawa". Akiumwa mgongo mpaka machozi yanamlenga, ni "sawa" hiyohiyo. Mtu aliyetembea miaka thelathini na moja nyumba hadi nyumba akisoma mita za maji, akibishana na wenye nyumba na mbwa wao, sasa hakuweza hata kukataa uji wa moto kwa maneno.

Aliyejua kuzitenganisha sawa zake ni binti yake. Watu walimwita Fundi, maana alishona sare za shule kwenye karakana ya ng'ambo ya barabara. Asubuhi alikuwa kazini, na jirani wa mlango wa pili alichungulia mara mbili tatu. Saa sita alirudi, akamgeuza baba yake, akamwosha, akamlisha, kisha akakaa chini kumalizia vifungo na mapindo. Walikuwa na lugha yao. Mzee akikunjua mkono wa kushoto, ndiyo. Akikunja ngumi, hapana. Fundi aliuliza, mkono ukajibu, na siku zikaenda.

"Unataka dirisha lifungwe?"

Ngumi.

"Unataka uangalie watu?"

Mkono ukafunguka.

Ndiyo maana hamu kubwa ya mzee ilikuwa kiti cha magurudumu. Pale kitandani aliona kipande cha ukuta wa jirani na kamba ya nguo. Fundi alikuwa amepiga hesabu zake: mwenye kumtunza mlemavu hupata nafuu ya kodi, na akirudishiwa alichokatwa miaka yote hiyo, kiti kinapatikana.

Kabla hajajaza ritani yake, ile fomu ya kodi ya kila mwaka, kaka yake alikuja.

Huyo walimwita Bosi. Ndiye mtoto wa kwanza, mwenye ghala la vigae vya sakafu, mtu wa mashati yaliyonyooka na maneno machache. Alikuwa hajakanyaga pale miezi minane. Siku hiyo aliingia na machungwa, akamshika baba yake bega, akasema, "Mzee wangu, umependeza." Mzee Mita alimwangalia mwanawe mpaka macho yakamlowa. Wakati anastaafu alimwandikia kijana huyu nyumba hii nzima, kwa kuwa ndiye mrithi na ndiye atakayewashika mkono wenzake, na hakuwahi kumwambia mtu kwamba alijuta.

"Ile bahasha ya hospitali iko wapi?" Bosi alimuuliza dada yake. "Kuna daktari bingwa nataka aione."

Fundi akaitoa chini ya godoro, tena kwa furaha. Cheti cha ulemavu, barua ya daktari, kadi ya kliniki, kitambulisho cha mzee. Bosi akazipanga juu ya miguu ya baba yake, miguu isiyohisi kitu, kama mtu anayepanga bidhaa mezani, akapiga picha moja baada ya nyingine. Mwishowe akampiga picha na mzee mwenyewe. "Baba, tazama huku. Hivyohivyo."

"Sawa," alisema Mzee Mita, na safari hiyo alimaanisha.

Wiki tatu baadaye Fundi aliazima kompyuta ya karakana, akaiweka kwenye meza ya cherehani na kumgeuza baba yake ili aone. Hakutaka kwenda kwa wale vijana wa stesheneri wanaojazia watu ritani huku wakila karanga. Alitaka aifanye mwenyewe, na aifanye kwa sauti.

"Ambatisha cheti cha ulemavu. Haya, tumeambatisha. Ambatisha barua ya daktari. Tumeamba... inasema faili ni kubwa mno. Baba, barua yako ni nzito kuliko wewe!"

Mzee akacheka kwa upande wa uso uliobaki. Fundi akapiga picha upya, akapunguza, akageuza iliyolala kichwa chini, akapakia tena. Mtandao ukasuasua, ukarudi. Karibu saa nzima alihangaika na viambatisho vinne. Kisha akabonyeza pa kutuma, akakunja mikono kama anayesubiri matokeo ya mtihani.

Likaja sanduku jekundu lenye ujumbe. Aliusoma kwa sauti kabla hajauelewa: "Mtegemezi huyu tayari amesajiliwa na mlipakodi mwingine."

Akausoma tena kimoyomoyo. Mzee Mita alimwona binti yake akiangalia machungwa mawili yaliyokauka kwenye bakuli, na wote wawili wakafikia jibu moja.

Simu aliipiga hapohapo, spika wazi.

"Kaka, umemwandika baba kwenye ritani yako?"

"Nimemwandika. Si baba yangu?"

"Umeandika unaishi naye! Unamlisha, unamwosha! Lini ulimwosha baba?"

"Dada, punguza sauti. Kodi unayokatwa wewe haitoshi kununua uzi. Mimi nakatwa ya kweli. Nafuu inakwenda pale inapoonekana."

"Nilitaka kumnunulia kiti."

"Atakaa kwenda wapi?" Bosi akacheka kidogo. "Mambo ya ofisi ni karatasi. Mimi nimewahi kuzipeleka, wewe umechelewa. Kaa kimya, tusiaibishane."

Akakata. Fundi alibaki ameshika simu. Baba yake alitaka kumwambia aache, au aendelee, hata yeye hakujua ni lipi. Ikatoka "sawa", na Fundi akajibu bila kumtazama, "Siyo sawa, baba. Safari hii siyo sawa."

Akaweka pingamizi. Kwa siku nne mfululizo, kila mchana, alipakia vithibitisho mpaka kompyuta ikawa inapumua moto: risiti za nepi za watu wazima, risiti za dawa, barua ya jirani, barua ya mkuu wa karakana, picha za mzee akinyolewa, akilishwa, akiwa amelala kwenye shuka lenye maua ambalo kila mtu mtaani analijua. Vilikuwa viambatisho arobaini na kimoja. Cha mwisho kilipoingia alipiga kofi moja la furaha. Baada ya wiki mbili ukaja ujumbe kwa pande zote mbili: afisa atafika Alhamisi kuhakiki makazi ya mtegemezi, kwa mlalamikaji saa tatu asubuhi, kwa mlalamikiwa saa tano.

Jumatano, Fundi alipokuwa kazini, Bosi alikuja na mkewe na mpakiaji mmoja wa ghalani.

"Tunampeleka kliniki," mke wa Bosi alimwambia jirani, akitabasamu. Jirani akasaidia hata kufungua mlango.

Mpakiaji alimbeba Mzee Mita begani. Alikuwa mtu wa huruma, maskini, alijitahidi asimgonge kwenye fremu, lakini ujuzi wake ulikuwa wa maboksi. Walimlaza kiti cha nyuma cha gari. Mzee alisema "sawa, sawa, sawa" njia nzima, akikunja ngumi, na hapakuwa na mtu humo garini aliyejua ngumi ile ni nini.

Kwa Bosi walikuwa wameondoa maboksi kwenye stoo ya uani na kutia kitanda. Ukuta mmoja ulikuwa bado na alama za vumbi za maboksi. Mke wa Bosi alitundika pazia jipya, akapanga chupa za dawa dirishani, nyingine za watoto wake, nyingine tupu. Akasimama mlangoni kuangalia kazi yake, kiganja puani.

"Ananuka," alimwambia mumewe. "Tumnyoe basi, atapigwa picha."

Walimnyoa kwa maji baridi. Kubadilisha nepi hakuna aliyejitolea.

Saa saba mchana akasikia sauti ya Fundi getini. Alikuwa amekimbia, alisikika kwa pumzi.

"Baba! Baba, uko humo? Fungueni! Mmemwiba mtu mgonjwa!"

Mzee Mita alikusanya nguvu zote zilizomo kifuani mwake, za miaka yote ya kuita "mita, mita" kwenye mageti ya watu, akapaza sauti. "Sawa! Sawa! Sawa!"

Kisha akamsikia mlinzi akisema, bila ubaya wowote, "Umemsikia mwenyewe, dada. Mzee anasema sawa."

Mke wa Bosi akafungulia redio kwa sauti ya juu. Fundi alipiga geti kwa muda. Alikwenda polisi pia, kama mzee alivyokuja kujua baadaye, wakamwambia kwamba baba kulala kwa mwanawe siyo kosa la jinai.

Asubuhi ya Alhamisi Bosi aliingia stoo na kiti cha plastiki, akaketi karibu kabisa na sikio la baba yake.

"Baba, najua unanielewa. Kichwa unaweza kukitikisa, mkono unaweza kuuinua. Sasa nisikilize. Leo atakuja afisa. Akiuliza unaishi wapi, unaishi hapa. Akiuliza nani anakutunza, ni mimi. Ukinikana mbele yake, nyumba ile unajua ina jina la nani. Mwisho wa mwezi dada ataondoka na cherehani yake, na wewe utakwenda naye huko barabarani. Ukikubali, abaki humo mpaka azeeke. Nimemaliza." Akamweka vizuri kola ya shati. "Sijawahi kukudanganya, mzee."

Afisa alikuwa mwanamke kijana, mwenye haraka na adabu. Alimwamkia vizuri, akachuchumaa ili macho yao yawe sawa, jambo ambalo watu hawakuwa wakimfanyia. Mkononi alikuwa na kishikwambi.

"Mzee, nimetoka kule kwa binti yako. Nimekuta kitanda kitupu, naye analia. Anasema unaishi kule. Unaishi kule?"

Bosi alisimama nyuma ya afisa akikagua kucha zake. Mzee Mita aliiona nyumba yake yote mara moja: meza ya cherehani chini ya dirisha, mabomba aliyoyafunga kwa mkono wake, Fundi akiwa mdogo analala chini ya meza ileile. Akatikisa kichwa. Hapana.

"Unaishi hapa?"

"Sawa."

"Anayekutunza ni huyu mwanao?"

"Sawa."

Afisa akasita. Alikuwa mwangalifu kwa kazi yake, na uangalifu wake ndio uliommaliza mzee. "Samahani kuuliza hivi, lakini lazima niandike. Kwa hiyo binti yako, anavyosema kwamba anakuosha na kukulisha kila siku, anasema uongo?"

Mzee alitamani kwa mara ya kwanza kiharusi kingemchukulia na hilo neno moja.

"Sawa," alisema.

Afisa akampiga picha. Upande wa uso uliolegea ulimfanya aonekane kama anayetabasamu. Kisha akamshika kidole gumba, kwa upole, akakikandamiza juu ya kioo. "Imeshapakiwa," alisema akisimama. "Pole kwa usumbufu, baba. Ugua pole."

Walikaa naye mpaka Jumamosi, endapo afisa angerudi. Hakurudi. Mpakiaji akambeba tena, akamrudisha, akamlaza kwenye shuka la maua, akaondoka mbio kabla Fundi hajatokea jikoni. Nepi ilikuwa ileile ya Jumatano. Mgongoni kulikuwa na kidonda upana wa kiganja.

Fundi alimwosha. Alikiosha kidonda, akakipaka dawa, akambadilisha, akampa uji kijiko kwa kijiko. Alipomaliza akakausha mikono, akachukua simu, akasoma.

"Pingamizi limekataliwa. Mtegemezi amethibitisha mwenyewe kwamba haishi na mlalamikaji na kwamba maelezo ya mlalamikaji si ya kweli. Mlalamikaji atatozwa faini kwa kutoa taarifa za uongo. Ana siku thelathini za kukata rufaa kwa kuambatisha ushahidi mpya." Akageuza kioo. Palikuwa na picha yake, amenyolewa, na alama ya kidole chake. "Baba, hiki ni kidole chako?"

Mkono ukafunguka.

"Ulisema mimi ni mwongo?"

Ulikuwa bado wazi. Hakuweza kuufunga, angekuwa anadanganya mara ya pili.

Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nijibu moja tu. Walikutisha? Kama walikutisha nakata rufaa leo hii, nampeleka kaka mbele ya kila mtu."

Hapo ndipo Mzee Mita alipofanya kitu alichokifikiri siku zote tatu kule stoo. Akisema ndiyo, Fundi atakata rufaa. Akikata rufaa, Bosi atamtoa nyumbani. Akisema hapana, atachukiwa yeye peke yake, na paa litabaki juu ya kichwa cha mtoto. Hesabu ilionekana rahisi. Akamtazama binti yake usoni, akakunja ngumi.

Fundi aliitazama ile ngumi, akainuka kitandani.

"Basi," alisema. "Nimekuelewa. Mtoto wa kiume ni mtoto wa kiume."

Tangu siku hiyo aliendelea kumwosha na kumlisha, saa zilezile, lakini hakumuuliza kitu tena. Dirisha alilifunga au alilifungua alivyoona yeye. Mzee alikunjua mkono, akakunja, akasema sawa kwa kila namna aliyoijua, sauti ya cherehani ilimfunika. Alijipa moyo kwamba nyumba ipo.

Mwezi wa pili Bosi alikuja na mtu aliyevaa viatu vyenye vumbi la saruji. Hawakuingia chumbani, walipita uani wakipima kwa hatua.

"Ukuta huu utaubomoa," Mzee Mita alimsikia mwanawe akisema. "Hawa wanaondoka mwisho wa mwezi, usijali."

Mzee alipiga kelele mpaka jirani akaja. "Sawa! Sawa! Sawa!" Bosi akachungulia mlangoni.

"Baba, biashara imebana, lazima niuze nyumba," alisema, kwa upole kabisa. "Ungekuwa mimi ungefanya hivyohivyo."

Fundi alipata chumba kimoja ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba, mwenye nyumba hataki mgonjwa. Siku ya kuhama alikodi mkokoteni wa kubebea cherehani na gari la kumbebea baba yake. Gari lilienda moja kwa moja getini kwa Bosi. Alimshusha kwenye godoro lake palepale kivulini, akampa mlinzi bahasha ya hospitali na nakala ya uamuzi wa ofisi ya kodi.

"Mwambie bosi wako serikali inasema mzee ni wa hapa," alisema. Majirani walikuwa wameanza kutoka nje. Alimfunika baba yake shuka, akasawazisha mto. Hakumwangalia machoni. Kisha akapanda gari.

Mbele za watu Bosi hakuwa na la kufanya. Mzee Mita akarudishwa stoo.

Humo hamkuwa na dirisha la kufungua wala kufunga, maana maboksi ya vigae yalirudi na kupangwa mpaka juu. Mpakiaji alimletea chakula mara mbili kwa siku, akamgeuza alipokumbuka. Mke wa Bosi alifika mlangoni tu. Kidonda kikawa viwili, kisha vitatu.

Jumapili ya tano Fundi alikuja. Alisimama mlangoni na mfuko wa nepi na pajama mbili alizozishona, akanusa, uso ukambadilika. Akaomba ndoo na maji ya moto. Alimwosha kwa karibu saa nzima, analia bila sauti, na alipomgeuza na kuona mgongo alijiuma mkono asipige ukelele.

Mzee Mita hakungoja. Mkono wa kushoto ukaikamata simu iliyokuwa kando ya mto, akaivuta, akakibonyeza kidole gumba juu ya kioo, tena na tena.

"Unataka simu?"

Ngumi.

"Kidole... siku ile ya afisa?"

Mkono wazi.

Fundi akashusha kitambaa ndani ya ndoo. "Walikutisha."

Wazi.

"Mimi nilikuuliza, baba! Nilikuuliza ukanikunjia ngumi. Ulinidanganya?"

Wazi.

"Kwa nini?" Akajikamata, akajua kwamba "kwa nini" halijibiki kwa mkono. Akafikiri. "Alisema atanifukuza nyumbani?"

Mkono ulifunguka mpaka mwisho.

Fundi akaketi juu ya boksi la vigae. Halafu akainuka ghafla kama aliyechomwa sindano, akafuta uso, akashika simu na kuiwasha video. Akauliza yote upya, moja moja, kwa sauti ya wazi, jina na tarehe, na mkono wa mzee ukajibu kila moja mbele ya kamera, nyuma yake maboksi, kisha Fundi akarekodi mgongo na vidonda vyake. Ilikuwa dakika nne. Akaipunguza ukubwa, alishajua namna. Akafungua ukurasa wa ofisi ya kodi, akaingiza namba ya pingamizi, akatafuta pa kuambatisha.

Mzee alimtazama usoni akisoma.

"Muda wa rufaa umekwisha," Fundi alisema. Akabonyeza tena. Akabonyeza mara ya tatu, akazima simu, akaiwasha, akajaribu. "Ile sehemu ya viambatisho haipo, baba. Wameiondoa. Haipo kabisa."

Mke wa Bosi akagonga mlango kwa funguo. "Wifi, tunafunga geti, tunatoka."

Fundi alimvalisha baba yake pajama mpya, akamfunga vifungo vyote hadi cha shingoni. Akamgeuza upande usio na kidonda, akamwekea nguo iliyokunjwa kati ya magoti. "Nitatafuta chumba cha chini," alimwambia sikioni. "Hata kikiwa kibovu. Umenisikia? Nipe mwezi mmoja. Unaweza kuningoja mwezi?"

Mzee Mita alijua mgongo wake, na alijua mwezi una siku ngapi. Akaukunjua mkono.